Kabla ya Kupiga Windows Upya

Soko la Mpondwe huchangamka Jumanne na Ijumaa. Siku hizo watu wa Kasindi, Beni na Butembo huvuka mpaka kutoka Kongo kuja upande wa Uganda, wenyeji wa Bwera huteremka na mizigo yao, na kwenye maduka ya kuchapa na kutoa nakala watu husimama foleni na karatasi mkononi: barua ya shule, fomu ya mzigo, wasifu wa kuombea kazi, picha ya paspoti. Kompyuta ikigoma siku nyingine ni kero. Ikigoma siku ya soko ni hasara. Na mgomo wenyewe mara nyingi una sura ileile. Mashine inawaka, feni inazunguka, nembo ya kampuni inatokea, kisha skrini inabaki nyeusi. Eneo-kazi, yaani ile sura yenye aikoni na upau chini, haliji. Anaitwa fundi. Fundi, pengine hata hajavuta kiti, anatoa flashi mfukoni na kusema: hii ni kupiga Windows upya.

Hoja yangu ni kwamba kauli hiyo ina gharama kubwa hapa kuliko karibu mahali pengine popote, na kwamba mara nyingi haikuhitajika. Kupiga mfumo upya huifanya skrini ing'ae tena, hilo ni kweli. Lakini kunafuta ushahidi wa kilichoharibika, na kukifanywa kwa haraka kunafuta na kazi za mwenye kompyuta.

Tazama kazi zenyewe zinakaa wapi. Hospitali na vituo vya afya vya Uganda hupeleka takwimu zao kupitia DHIS2, mfumo ambao nchi iliuanza mwaka 2012 na unaofunguliwa ndani ya kivinjari. Forodha ya mpakani hutumia mfumo wa ASYCUDA wa Mamlaka ya Mapato. Takwimu hizo zinalala kwenye seva za mbali, kwa hiyo kompyuta ya ofisini ikifutwa leo, kesho unafungua kivinjari kingine na kuendelea. Ila siku yenyewe haingoji. Tarehe 11 Juni 2019 Uganda ilithibitisha Ebola kwa mtoto wa miaka 5 aliyetoka Kongo, akaonwa kwanza hospitali ya Kagando, akahamishiwa Bwera na kufia huko. Katika wiki kama ile, mashine isiyofunguka ofisini ni jambo zito. Duka la kuchapa, tofauti na ofisi hizo, halina hata seva ya mbali. Shule ya sekondari yenye alama za mihula mitatu ndani ya jedwali moja haina. Chama cha kahawa cha mlimani, kinachoandika uzito wa gunia la kila mkulima, mara nyingi kina diski moja tu ndani ya mashine moja tu. Hapo ndipo flashi ya fundi inapokuwa hatari.

Ili kujua nini kimekufa, ni lazima kujua nini huzaliwa kabla ya nini. Kompyuta haifungui eneo-kazi kwa mkupuo mmoja. Umeme ukiingia, programu ndogo iliyo kwenye ubao, BIOS au mrithi wake UEFI, huhesabu RAM na kutafuta diski. Inakikabidhi kazi kipakiaji. Kwenye Linux hicho huwa GRUB. Kipakiaji kinaipandisha kerneli, kiini cha mfumo. Kerneli inazitambua diski, kibodi na kadi ya picha, kisha inaziamsha huduma moja baada ya nyingine. Moja ya huduma za mwisho ndiyo inayochora ukurasa wa kuingilia, na baada ya nywila kukubaliwa ndipo eneo-kazi lenyewe linaitwa. Ni kama mbio za kijiti: aliyeangusha ni mmoja, na waliokimbia kabla yake wamemaliza sehemu yao salama.

Wazee wa kompyuta wanakumbuka jambo hili kwa macho. Windows 3.1 ya mwaka 1992 ilikuwa programu unayoiita mwenyewe kwa kuandika win kwenye skrini nyeusi ya DOS. Katika ulimwengu wa Unix, mfumo wa madirisha wa X ulianzia MIT mwaka 1984, toleo lake la X11 likatoka 1987, na mrithi wake, Wayland, alianza kutengenezwa 2008. Hata leo, kwenye Linux, picha ni huduma inayokaa juu ya mfumo uliokamilika bila picha. Hiyo ndiyo habari njema ya suala zima, na inajulikana na watu wachache mno. Skrini nyeusi maana yake picha haikufika. Mafaili yako kwa kawaida yako palepale ulipoyaacha.

Kwa hiyo swali la kwanza la fundi mzuri ni: kijiti kimeangukia wapi? Majibu hupatikana bila kifaa chochote. Bonyeza Caps Lock. Taa yake ikiwaka na kuzimika, kerneli iko hai na inasikia kibodi. Tatizo liko juu, kwenye picha. Taa isipotii, tatizo liko chini zaidi. Kama hakukutokea hata nembo ya kampuni, na mashine inatoa milio ya vipindi, bado hatujafika kwenye mfumo hata kidogo: hapo ni RAM, ubao au kadi ya picha. Vumbi la barabarani na joto la bonde la wilaya yetu ya Kasese havizihurumii kompyuta za mezani; kipande cha RAM kikichomolewa, meno yake yakafutwa kwa raba ya penseli na kurudishwa hadi kibane, mashine nyingi huamka. Mafundi wetu hili wanalijua vizuri sana. Wanachokosa wengi wao ni subira ya ngazi zinazofuata.

Swali la pili anaulizwa mwenye mashine. Msikilize fundi anayejua kazi yake:

“Mama, mara ya mwisho ilifunguka lini?”

“Jana jioni. Umeme ukakatika, ukarudi, ukakatika tena.”

“Ilipokatika, skrini ilikuwa imeandika kitu? Asilimia, labda?”

“Ilikuwa inasema isizimwe.”

Mazungumzo hayo mafupi yamepunguza sababu kutoka ishirini hadi tatu. Na yametufikisha kwenye chanzo ambacho, kwa maoni yangu, kinastahili kuwekwa juu ya vingine vyote katika wilaya hii: umeme.

Kasese ni wilaya inayozalisha umeme. Mito ya Rwenzori inasukuma mitambo ya Mubuku tangu enzi za mgodi wa shaba wa Kilembe. Bugoye, wa megawati 13, ulianza 2009. Nyamwamba wa megawati 9.2 na Lubilia wa megawati 5.4 ilifuata 2018, huo wa Lubilia ukiwa karibu kabisa na Bwera. Lakini mtambo kuwa jirani hakukupi waya usiokatika. Na kompyuta ya mezani isiyo na betri ya akiba haiagi: umeme ukienda, diski inaachwa katikati ya sentensi.

Kinachotokea ndani ni hiki. Mfumo wa Linux huandika kwanza kwenye daftari la diski kile unachokusudia kubadilisha, kisha hubadilisha. Umeme ukikatika, wakati wa kuwaka hulisoma daftari na kumalizia. Mara nyingi hilo hutosha na hata hulioni. Ikishindikana, mfumo hukataa kuendelea, na badala ya eneo-kazi unaona maandishi meupe juu ya weusi, mstari wa mwisho ukiwa na neno initramfs na kishale kinachopepesa. Watu huogopa mno skrini hiyo. Ukiisoma mistari iliyo juu yake, utakuta imekutajia jina la sehemu ya diski yenye hitilafu, tuseme /dev/sda2, na imekwambia uendeshe fsck. Unaandika fsck -y /dev/sda2, unangoja, unaandika exit, na mashine inaendelea kupanda kutoka pale ilipoishia. Dawa ilikuwa imeandikwa kwenye skrini.

Hapa niweke onyo ambalo mafundi wengi hulipuuza. Fsck hurekebisha kwa kuandika, na diski inayokufa haitakiwi kuandikiwa. Kama diski inatoa mlio wa kugonga, au mistari ya skrini inarudia makosa ya kusoma, acha kurekebisha. Washa mashine kwa Linux iliyo kwenye flashi, isiyogusa diski, nakili kwanza yale yasiyo na mfano, ndipo uulize afya ya diski kwa smartctl. Mpangilio huo, nakala kwanza na matengenezo baadaye, ndio unaotenganisha fundi na mtu mwenye flashi.

Upande wa Windows, umeme unaleta udanganyifu ambao wataalamu wa miji yenye umeme thabiti hawaufikirii. Windows huhesabu majaribio ya kuwaka. Ikishindwa mara mbili mfululizo, au ikizimika ghafla mara mbili muda mfupi baada ya kuwaka, inakata shauri kwamba ni mgonjwa na kukupeleka kwenye skrini ya bluu ya matengenezo. Sasa fikiria alasiri ya mvua Bwera, umeme ukija na kwenda kila baada ya dakika. Mashine nzima kabisa itaonyesha skrini ya ugonjwa. Anayeiona anaamini imeharibika, na hapo ndipo hufutwa mashine isiyo na kosa lolote. Ngoja umeme utulie, chagua kuendelea na Windows, uone kwanza.

Kuna sababu nyingine ya umeme iliyo ya kimyakimya, na shule ndizo zinazoumia. Maabara ya kompyuta hufungwa likizo, nyaya huchomolewa. Kwenye ubao wa kila mashine kuna betri ndogo ya duara, CR2032, inayoshika saa na mipangilio ya BIOS. Kwenye mashine za mtumba kama Dell OptiPlex au HP Compaq, betri hiyo huwa imechoka. Shule ikifunguliwa, BIOS imesahau kila kitu. Saa imerudi miaka mingi nyuma, na tovuti zinakataa kufunguka kwa sababu vyeti vyao vya usalama vinaonekana ni vya wakati usiofika. Baya zaidi, namna ya kuongea na diski imebadilika, tuseme kutoka AHCI kwenda IDE au RAID, na Windows iliyosakinishwa kwa namna ya kwanza inakufa kwa skrini ya bluu ikisema haiioni diski yake. Maabara nzima inaweza kuonekana imekufa kwa mpigo, watu wakaanza kunong'ona habari za virusi. Dawa ni betri mpya, tarehe sahihi na kurudisha AHCI. Dakika chache kwa kila mashine. Kwa mwanafunzi wa kidato cha tano au cha sita aliyechagua ICT badala ya hisabati ndogo, na ambaye mtihani wake una sehemu ya vitendo, dakika hizo ni tofauti kati ya kufanya mazoezi na kukariri picha za kitabuni.

Tukitoka kwenye umeme, chanzo cha pili ninachokiona kinadharauliwa ni diski iliyojaa. Nikitazame kwa karibu, maana dalili yake inachanganya watu wenye akili timamu kabisa. Ukurasa wa kuingilia unakuja. Unaandika nywila, na si mbaya, kwani ukikosea makusudi inakwambia umekosea. Ukiandika ya kweli, skrini inakuwa nyeusi sekunde moja, kisha unarudishwa kwenye ukurasa uleule wa kuingilia. Tena na tena. Watu husema kompyuta imelaaniwa, au kuna mtu amebadilisha nywila.

Sababu ni ndogo ya kushangaza. Unapoingia kwenye eneo-kazi la Linux linalotumia X, mfumo unahitaji kuandika faili dogo mno katika folda yako, liitwalo .Xauthority, ambalo ni kama kibali cha programu zako kuchora kwenye skrini. Diski ikiwa imejaa pomoni, hata baiti hizo chache hazina pa kukaa. Kibali hakiandikiki, eneo-kazi linafungwa, unarudishwa mlangoni. Laptopu za bei nafuu zenye hifadhi ya GB 32 hufika hapo upesi: filamu, nyimbo, masalia ya masasisho, na pipa la taka ambalo halijawahi kumwagwa.

Namna ya kuthibitisha: kwenye ukurasa huo wa kuingilia, bonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja. Picha inapotea, na unaona skrini ya maandishi inayouliza jina lako. Ingia kwa jina na nywila ileile. Ikikubali, umeshajifunza mambo matatu kwa hatua moja: diski inasomeka, kerneli ni nzima, nywila ni sahihi. Andika df -h. Ukiona asilimia 100 kwenye mstari wenye alama ya mkwaju peke yake, umempata mwizi. Amri ya sudo apt clean hufuta mabaki ya programu zilizoshushwa; sudo journalctl --vacuum-size=100M hupunguza kumbukumbu za mfumo; filamu mbili zikihamishiwa kwenye flashi, nafasi inarudi. Bonyeza Ctrl, Alt na F1, F2 au F7 kurudi kwenye picha, ingia. Hakuna kilichofutwa ila takataka.

Kama diski haijajaa na bado unazungushwa, andika ls -l .Xauthority utazame nani mwenye faili. Likiwa la root, basi kuna mtu aliwahi kuianzisha picha kwa mamlaka ya msimamizi, na mfumo ukamwandikia yeye kibali. Sudo chown ikirudisha umiliki kwa jina lako, mlango unafunguka. Na kwenye mashine ambazo kerneli hukaa katika sehemu yake ndogo ya /boot, sehemu hiyo ikijazwa na kerneli za zamani, sasisho jipya huandikwa nusu na mashine haipandi. Hapo GRUB yenyewe ina mlango wa dharura: chagua machaguo ya ziada, kisha kerneli ya kabla. Ikiwaka, tatizo ni sasisho, na mashine yako haina ubaya.

Kuhusu draiva za kadi ya picha nitapita haraka. Ukiuliza intaneti, asilimia kubwa ya ushauri utakaopewa ni juu ya kadi za Nvidia, kwa sababu wanaoandika wengi ni wachezaji wa michezo ya kompyuta huko ughaibuni. Ofisi za Kasese kwa kawaida hutumia picha za Intel zilizomo ndani ya kichakataji, ambazo draiva yake imo ndani ya kerneli na haileti matata mengi. Wanaohusika ni wahariri wa video za harusi na studio za muziki. Kwao, kerneli mpya ikija bila draiva ya Nvidia kujengwa upya, skrini hubaki nyeusi; kwenye GRUB bonyeza e, ongeza neno nomodeset mwishoni mwa mstari unaoanza na linux, kisha F10. Picha itakuja ya hafifu, ila inatosha kusakinisha draiva upya.

Windows nayo ina milango yake, na inasikitisha jinsi isivyojulikana. Skrini nyeusi yenye mshale wa kipanya unaotembea ni hali ya pekee: karibu kila kitu kimepanda isipokuwa programu moja, explorer.exe, inayochora upau na aikoni. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc. Meneja wa kazi akitokea, anzisha kazi mpya, andika explorer.exe, na eneo-kazi linaweza kujitokeza mbele yako. Likija kwa njia hiyo lakini likapotea kila ukizima, tafuta aliyelizuia: mara nyingi virusi vilivyoletwa na flashi vimebadilisha mahali pale kwenye rejista pa Winlogon panapotaja ganda la kuanzisha. Kitufe cha Windows pamoja na Ctrl, Shift na B huamsha upya draiva ya picha. Windows na P hurudisha picha kwenye skrini ya laptopu iliyobaki ikitafuta projekta ya kikao cha jana. Na kabla ya yote hayo, hakikisha kebo ya skrini imechomekwa kwenye tundu lenye kazi. Kompyuta ya mezani yenye kadi ya picha ya ziada hutoa picha kwenye kadi, na tundu la kwenye ubao hukaa kimya.

Ushahidi mkubwa wa hoja yangu haukutoka hapa. Tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya usalama ya CrowdStrike ilisambaza sasisho bovu, na kompyuta za Windows takriban milioni 8.5, kwa makadirio ya Microsoft, zikaanguka kwenye skrini ya bluu. Viwanja vya ndege, benki na hospitali duniani vilikwama. Mashine nyingi zilitibiwa kwa kuingia kwenye hali salama, kufungua folda ya CrowdStrike, kufuta faili moja na kuwasha upya. Kama mafundi wa dunia wangetoa flashi mfukoni na kupiga Windows upya kila mahali, hasara ingekuwa maradufu ya ilivyokuwa. Hali salama hiyohiyo imo katika laptopu ya duka la Bwera.

Kwa nini basi kupiga upya kumeshika mizizi? Sioni haki kuwalaumu mafundi peke yao. Fundi hulipwa kwa mashine inayowaka, na saa moja aliyokaa akisoma kumbukumbu za makosa haionekani kwa mteja. Kinachoonekana ni Windows mpya inayong'aa. Mteja akilipia utambuzi wa tatizo hata pale ambapo dawa ni neno moja, fundi atatambua. Vilevile kusoma kunahitaji intaneti, na intaneti ina bei. Tangu Julai 2021 Uganda inatoza ushuru wa asilimia 12 juu ya data. Faili la kusakinishia Ubuntu au Windows ya sasa linakaribia GB 6. Gharama hiyo ya data hawezi kuimudu fundi kwa kila mteja, kwa hiyo flashi moja yenye Windows ya zamani iliyovunjwa ufunguo huzunguka kutoka Kasese hadi Mpondwe, ikipanda katika mashine mpya matatizo ya mashine za jana. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Aliyekuwa na nakala safi ya Linux ya Debian na mwongozo ndani ya diski yake aliendelea na kazi.

Halafu kuna lugha. Fundi wa Bwera anaweza kuzungumza Lhukonzo nyumbani, Kiswahili na mteja wa kutoka Kasindi, na Kiingereza cha shule. Mistari ya makosa imeandikwa kwa Kiingereza cha wahandisi, ambacho hata Mwingereza wa kawaida hakielewi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ofisi nzima kwa Kiswahili. Lakini menyu za barua ni kitu kimoja na kilio cha kerneli ni kingine. Julai 2022 baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi, na mwaka huohuo Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ningependa kuona matunda yake yakifika hata ukutani mwa maabara ya shule: karatasi moja yenye makosa kumi yanayotokea mara nyingi, neno lake kama linavyoonekana kwenye skrini, maana yake kwa Kiswahili na kwa Lhukonzo, na hatua ya kwanza. Mwanafunzi aliyeisoma kwa miaka miwili atatoka akiwa fundi wa nusu.

Sisemi kupiga mfumo upya kusifanyike kamwe. Diski ikibadilishwa, hakuna njia nyingine. Virusi vikiwa vimekita hadi ndani, ni salama kuanza upya kuliko kuvifukuza kimoja kimoja. Na kuna mashine zinazohitaji kuhama kabisa: Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai chipu ya TPM 2.0 na vichakataji vya miaka ya karibuni, ambavyo mtumba mwingi wa wilaya hauna. Mashine hizo zikiwekewa Linux nyepesi yenye eneo-kazi la XFCE zitafanya kazi miaka mingine. Hapo kupiga upya ni uamuzi uliopimwa, baada ya nakala kutolewa na kufunguliwa kwenye mashine nyingine kuhakikisha zinasomeka. Nakala yenyewe ikae jengo jingine. Kilembe imeona, Mei 2013 na Mei 2020, maji ya mto Nyamwamba yakiingia hadi ndani ya hospitali na nyumba.

Limebaki tatizo moja ambalo subira na maarifa ya fundi havilitatui, na linaongezeka. Laptopu nyingi za Windows 11 husimba diski zenyewe kwa BitLocker, mara nyingi bila mwenye mashine kujua. Betri ya BIOS ikifa, au mipangilio ikibadilishwa, skrini inayokuja badala ya eneo-kazi ni ya bluu, inayodai ufunguo wa tarakimu 48. Linux ya kwenye flashi haitaisoma diski hiyo bila ufunguo, wala fundi wa Kampala. Ufunguo kwa kawaida umehifadhiwa katika akaunti ya Microsoft ya aliyeiwasha laptopu mara ya kwanza. Na kwa mashine zilizonunuliwa dukani zikiwa tayari, huyo anaweza kuwa muuzaji aliyefungua akaunti kwa barua pepe yake mwenyewe ili mteja asisumbuke. Kwa hiyo ulizia siku ya kununua, mashine ikiwa nzima: fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika manage-bde -protectors -get C:, nakili tarakimu zote kwa kalamu, na karatasi uiweke pamoja na hati ya kiwanja.